Vyanzo Kumi vya Kalista

Jumatatu, 13 Januari

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati katika mkoa huu mzima, ndiye huyu anayeandika. Nafasi ya mafunzo ilikuwa moja, waombaji tulikuwa wanne. Mwalimu Bertilla wa jiografia, digrii. Mwalimu Meshack wa hisabati, digrii. Oswaldi karani, diploma. Na mimi Polikarp, mtunza maktaba, kidato cha pili na leseni ya udereva iliyokwisha muda. Mkuu wetu, Mwalimu Ebenezer, ni mtu asiyependa lawama, akasema ipigwe kura. Akatia mkono kwenye kofia, akafumba macho kama mtu anayepokea komunyo, akachomoa: POLIKARP. Meshack alicheka mpaka akapaliwa. Bertilla hakucheka. Alinipa mkono, akasema, "Hongera, mzee," akaenda zake darasani.

Mimi bahati imenizoea. Nilipokuwa utingo wa lori, Tunduma mpaka Lubumbashi, gari letu lilipinduka mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeshuka kununua ndizi.

Basi wiki iliyopita nilikuwa Mbeya siku tano, hoteli yenye maji ya moto, nikijifunza zana za mtandaoni za kuwasaidia wanafunzi kufanya utafiti. Wenzangu waliposikia natoka Sumbawanga, wa kulia alisogeza kiti na wa kushoto alificha kitambaa chake cha jasho. Nikawaambia msihofu, nimekuja na basi, ungo wangu uko gereji. Wakacheka, lakini kiti hakikurudi.

Mwezeshaji wetu, Bwana Andwele, ametuagiza kila mmoja aandike shajara ya muhula, tumkabidhi mwisho wa Aprili atakapotembelea shule. "Andikeni kilichotokea," alisema, "siyo mlichotaka kitokee." Haya, Bwana Andwele, naanza na kilichotokea: nina bahati.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Mtandao hakuna.

Alhamisi, 16 Januari

Mvua. Mtandao ulikuja saa nne, ukakaa dakika sita, ukaondoka bila kuaga.

Jumanne, 21 Januari

Leo nimefungua kona ya utafiti. Vishikwambi vinane, meza mbili, na dirisha la upande wa Mpui, kwa sababu mtandao unapatikana dirishani tu, na zaidi ukiinua mkono. Wanafunzi walijaa kama wamesikia kuna wali. Nikawafundisha kutafuta kwa maneno machache, nikawaonyesha maktaba za mtandaoni, nikawaonyesha na ile akili mnemba unayoiuliza swali nayo inakujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mkuu wa wilaya. Mmoja akasema, "Mzee Poli, wewe ni hatari!" Nikamwambia, "Mimi nimeongea na polisi wa nchi tatu nikatoka salama, sembuse kioo."

Mwalimu Bertilla alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Umewaambia waangalie nani ameandika huo ukurasa, na lini?"

"Nilikuwa naelekea huko, mwalimu."

Sikuwa naelekea huko. Huyu mwanamke ana macho ya trafiki.

Ijumaa, 24 Januari

Amekuja msichana wa kidato cha tatu, Kalista. Mwembamba, viatu vyake ameviacha nje kwa ajili ya tope, soksi moja ina tundu. Anaishi na bibi yake, dakika arobaini kwa miguu kutoka hapa. Akanyoosha karatasi.

"Shikamoo, Mzee Poli."

"Marahaba, mjukuu. Hiyo ni barua ya posa au nini?"

"Ni swali langu la utafiti."

Nikasoma. Anataka kujua kama maharage kwenye intumba yanashinda maharage kwenye tuta la udongo mtupu. Intumba, Bwana Andwele, kwa kuwa wewe wa Mbeya huenda hujui: ni yale matuta ya duara tunayolima sisi Wafipa. Unakata nyasi pamoja na udongo wake, unageuza kichwa chini, unarundika, nyasi zinaoza ndani na kuwa mbolea. Marehemu mama yangu alizilima mpaka mgongo ukabaki vilevile, nusu ya mviringo.

"Sasa wewe," nikamwambia, "kioo kina dunia nzima, unataka kutafiti majani?"

"Mbolea ya dukani bibi hawezi kuinunua, mzee. Nikionyesha kwa namba kwamba hizi zinafanya kazi, watatusikiliza."

Kuna mashindano ya utafiti ya wanafunzi mwezi wa nne, na atakayeshinda anakwenda Mbeya kuwakilisha. Nikamwambia wewe utakwenda Mbeya, mimi nina mkono wa bahati.

Jumanne, 4 Februari

Mvua, na ukungu juu yake. Mwalimu Bertilla ameazima kabrasha langu la mafunzo. Nikampa lote. Mimi sina shida nalo, yaliyomo nimeyaweka kichwani.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda shambani kwa bibi yake Kalista kupiga picha kwa kishikwambi. Nilikuwa nimevaa koti langu la Lusaka, na tope la huko halikuliheshimu hata kidogo. Bibi Justina ni mtu mfupi, sauti kubwa. Nilipomwamkia aliniitikia kwa Kifipa, kisha akahamia Kiswahili kwa sababu ya kile kioo, kama vile kioo ni mgeni wa serikali.

Matuta arobaini. Ishirini ya nyasi, ishirini ya udongo mtupu, kila moja limechomekwa kijiti chenye namba. Kalista alikuwa anapima upana kwa kamba yenye mafundo. Bibi alisimama kando yake.

"Hilo la kumi na moja umeligeuza na nyasi zenye mbegu. Bomoa."

"Bibi, nimeshapima."

"Pima tena. Nyasi hugeuzwa kabla hazijatoa mbegu. Ukifukia mbegu umepanda magugu, siyo maharage. Bomoa, binti!"

Kalista akabomoa. Akaandika kwenye daftari: nyasi zigeuzwe kabla hazijatoa mbegu. Bibi akamtazama akiandika, kisha akanigeukia.

"Baba, hayo anayoandika yatasomwa na wakubwa?"

"Yatasomwa mjini, mama. Na Mungu akipenda, Mbeya."

"Na jina langu litakuwemo?"

"La kwanza kabisa, mama."

Akacheka, akaficha mdomo kwa kanga. Akanipa chai na viazi. Nimerudi na koti la kufua na moyo mweupe.

Ijumaa, 14 Februari

Meshack amepewa ua na mtu asiyejulikana. Ni mimi. Alikuwa amenuna wiki nzima.

Alhamisi, 20 Februari

Maharage yameota. Kalista anakuja kila siku ya Alhamisi na namba mpya, tunaziingiza kwenye jedwali. Jedwali lenyewe linajumlisha! Nilipokuwa utingo tulijumlisha magunia kwa mkaa ukutani na bado tulipigana. Mwalimu Bertilla alipita, akaangalia grafu, akasema, "Kalista, umefanya vizuri kupima yote arobaini, hata yaliyokufa." Mimi nilitaka kuyafuta yale yaliyokufa, yanaharibu mstari. Sikusema.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nusu ya shule ina misalaba kwenye paji la uso. Mkuu, ambaye ni Mmoravian, ameuliza kwa utani kama ni sare mpya. Mvua kuanzia saa sita.

Jumanne, 18 Machi

Maharage ya intumba yamewapita wenzake kwa kiganja kizima. Kalista hawezi kukaa, anazunguka meza. Mimi nimezunguka naye. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walidhani ni mchezo, wakajiunga.

Alhamisi, 27 Machi

Kesho ndiyo mwisho wa kutuma kazi za mashindano. Mimi ndiye ninayechapa, Kalista ameleta zote kwa mkono wake, kurasa kumi na nne, mwandiko kama wa mtawa. Lakini fomu imeleta maneno. Inasema: vyanzo visipungue kumi, kila kimoja kiwe na mwandishi, mwaka na mchapishaji.

Kalista alikuwa na vyanzo sita. Vitano ni vya vitabuni na mtandaoni, amevisoma vyote, nimemwona kwa macho yangu akivisoma dirishani mkono umeinuliwa. Cha sita ni bibi yake. Bibi mwaka anao, wa kuzaliwa. Mchapishaji hana.

Nikamtoa. Vikabaki vitano.

Nikaiuliza akili mnemba: nipe vyanzo vitano kuhusu matuta ya Wafipa. Haikukuna kichwa. Ndani ya muda wa kupiga chafya ilinipa vitano, vyenye majina, miaka, wachapishaji, kurasa. Kimoja ni cha padre, cha mwaka 1958, kinaitwa Kilimo cha Matuta cha Wafipa. Nikajiambia, tazama, hata mapadre walikuwa wanatuandika na sisi hatuna habari.

Vilipo hivyo vitabu sikujua. Nikafikiri: kadi ya harusi ya kwetu ina majina mangapi? Mwenyekiti wa kamati, katibu, mgeni rasmi, diwani, wazee wa pande zote mbili. Nusu yao hawajahudhuria kikao hata kimoja, na mgeni rasmi mara nyingine anajua ni mgeni rasmi kwa kuisoma hiyo kadi. Lakini majina yakiwepo kadi inakuwa na uzito, na anayeipokea anajua hii siyo harusi ya mchezo. Nikaona vyanzo ni hivyohivyo.

Kalista alisoma orodha mara mbili.

"Mzee, hawa wengine nitawasoma lini?"

"Ukishashinda. Utakuwa na muda."

"Na bibi?"

"Bibi yumo ndani ya kazi yenyewe, mjukuu. Hii orodha ni ya wenye wachapishaji."

Alinirudishia orodha. Kisha akasema, "Sawa, mzee," na akafunga daftari lake polepole, akaanza kuvaa soksi.

Ijumaa, 28 Machi

Mtandao umekuja saa nane na robo. Imetumwa. Nimepiga mluzi mpaka nyumbani, mvua yote.

Jumamosi, 5 Aprili

Nataka kuandika hii siku haraka niimalize, lakini mkono unakwenda taratibu.

Ukumbi ulikuwa mjini, upande wa Majengo, bati linapiga kelele kwa mvua. Shule kumi na moja. Kalista alivaa sare iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, viatu vya kuazima. Walimu tulikaa benchi la pembeni, mimi, Mwalimu Bertilla, na Mkuu ambaye alikuja na tai. Waamuzi watatu mezani. Wa katikati ni Mzee Valerian, bwana shamba mstaafu, mvi tupu, miwani imefungwa kwa uzi.

Kalista alisimama mbele ya bango lake akaeleza. Bwana Andwele, sijui niseme nini. Yule mtoto anayekuja maktaba na kunong'ona alisimama pale akasema matuta arobaini, wiki nane, haya yaliyokufa ni matano na sababu ni hii. Ukumbi ulinyamaza, kilichobaki kikisema ni bati tu. Mkuu alinigusa kwa kiwiko. Mimi nikanyoosha koti langu.

Mzee Valerian akavua miwani.

"Binti, mimi intumba nimelima na mama yangu mzazi, na nimezifundisha miaka thelathini. Hapa umeandika nyasi zigeuzwe kabla hazijatoa mbegu. Hilo ni neno la mtu aliyeshika jembe. Umelipata wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Anaitwa nani?"

"Justina."

"Mbona simwoni kwenye vyanzo vyako?"

Kalista alilitazama bango lake.

"Ninayemwona ni padre wa mwaka hamsini na nane. Mimi nimesoma kwa mapadre, nimepanga vitabu vyao kwa mikono hii. Kitabu hiki sijawahi kukisikia. Umekisomea wapi?"

Hapo Kalista aligeuza shingo. Hakugeuka mwili mzima, shingo tu, akatazama benchi letu. Alinitazama mimi. Na mimi, Polikarp wa nchi tatu, nikaangalia dari. Kuna doa la maji pale juu, naweza kukuchorea.

Akarudisha shingo.

"Nimekisoma, mzee."

"Wapi?"

"Maktaba ya shule."

"Kina jalada la rangi gani?"

Kalista akajibu, "Kijani."

Mzee Valerian alivaa miwani yake, hakuandika kitu. Yule mwamuzi wa kushoto, kijana mwenye kompyuta, alikuwa ameshaanza kutafuta. Alitafuta vile vitabu vitano vya mashine, akawa anatikisa kichwa kila baada ya dakika kama mtu anayehesabu. Hakuna hata kimoja duniani. Wakamwondoa kwenye mashindano pale pale, kwa kipaza sauti, na neno walilotumia ni udanganyifu.

Tulirudi kwa gari la Mkuu. Kalista alikaa nyuma na bango limekunjwa mapajani. Mvua ilikuwa imeacha. Tulipofika njia panda alisema, "Nishusheni hapa, nitatembea." Akasema pia asante.

Jumatatu, 7 Aprili

Barua imefika shuleni. Mkuu aliniita.

"Mzee Poli, aibu hii sijawahi kuipata tangu nianze kazi. Wewe ulikuwa unamsaidia. Hicho kitabu cha kijani kipo maktaba?"

"Nitaangalia, Mkuu."

"Kaangalie. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu ijayo. Kama ametunga, anasimamishwa masomo mwaka huu wote, na nitaiandika kwenye faili lake. Siwezi kuonekana nalea waongo."

Nimeangalia. Sikukiona.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Kalista alikuja saa ya mapumziko. Hakuvua viatu, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jumatatu wakiniuliza rangi, niseme kijani tena?"

Nikamwambia aende darasani. Ndicho nilichomwambia. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilimwambia kitu kingine, na wewe Bwana Andwele usingejua.

Nilidhani ananisitiri kwa woga. Siyo woga. Kwao mtoto hamwaibishi mtu mzima mbele za watu, hata mtu mzima huyo akiwa ameshajiaibisha mwenyewe. Yeye ameshika adabu, mimi nimemwachia aishike peke yake.

Ijumaa, 11 Aprili

Bibi Justina amekuja kwa miguu, saa tatu asubuhi, na kapu kichwani. Nilimwona kupitia dirisha la mtandao nikajificha nyuma ya rafu ya historia. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu. Bibi aliingia hivyohivyo, akasimama katikati ya maktaba akaangalia vitabu, akaita, "Baba wa maktaba yupo?"

Nikatoka.

Kapu lilikuwa na maharage mabichi, yamejaa, ganda limenona. "Ya kwenye yale matuta yenu," akasema. "Yenye namba. Nimechuma kidogo tu, mengine Kalista amekataza mpaka apime. Nimeona wewe ndiye wa kuonja kwanza."

"Mama, Kalista amekueleza…"

"Ameniambia kuna kitabu kimepotea na walimu wamekasirika. Jumatatu nitakuja kumwombea. Ameniambia wewe ndiye unayemtetea."

Sikuweza kukaa wala kusimama vizuri. Nikashika kapu.

"Na jina langu," akasema, na akaficha mdomo tena kama siku ile, "walilisoma pale mjini?"

Nikasema, "Mzee Valerian alilitaja, mama. Kwa kipaza sauti."

Ni kweli alilitaja. Ndiyo ubaya wake, kwamba ni kweli.

Alipoondoka niliketi na lile kapu mapajani mpaka kengele. Mwalimu Bertilla alikuja kurudisha kabrasha langu la mafunzo. Ameliwekea alama za penseli toka mwanzo mpaka mwisho. Akaliweka mezani, akalifungua ukurasa wa kumi na nne bila kusema neno, akatoka. Ukurasa wa kumi na nne unasema akili mnemba hutunga vitabu visivyokuwepo, na kila chanzo kitafutwe mpaka kipatikane kabla hakijaandikwa. Hiyo ni mada ya siku ya tatu mchana, Bwana Andwele. Siku ya tatu mchana mimi nilikuwa nimetoroka kwenda kwenye maegesho ya malori kuwatafuta washikaji wa zamani. Sikumpata hata mmoja.

Kwa hiyo Mwalimu Bertilla alikuwa anajua. Amejua tangu ukumbini. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Jumatatu, 14 Aprili

Kamati: Mkuu, Mwalimu Meshack, Mwalimu Bertilla na wengine wawili. Kalista amesimama, bibi yake kwenye kiti karibu na mlango na kanga ya kanisani. Mimi niliitwa kama shahidi wa kitabu.

Mkuu: "Mzee Poli, kitabu kipo au hakipo?"

"Hakipo, Mkuu. Hakijawahi kuwepo."

"Basi mtoto amedanganya."

"Mtoto amesema kijani. Hivyo vingine vyote ni vyangu. Vyanzo vitano nimeviweka mimi, nimepewa na mashine, sikuvitafuta. Yeye alileta sita, vya kweli vyote. Mimi nikatoa kimoja nikaongeza vitano. Aliniuliza, nikamwambia atasoma akishashinda. Na pale ukumbini aliponitazama mimi niliangalia dari."

Meshack alifungua mdomo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna utani uliotoka. Mkuu akauliza, "Ulitoa kipi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo.

"Nilimtoa Bibi Justina. Kwa sababu hana mchapishaji."

Bibi alinitazama. Sikuangalia dari, hilo tu ndilo naweza kujisifia. Akamwambia mjukuu wake kwa Kifipa kitu ambacho sitakiandika hapa, hakikuwa changu. Akaninyooshea mkono. Nilidhani anataka kunisalimu. Alikuwa anataka kapu lake.

Nilimrudishia. Maharage nilikuwa nimeshayala, Bwana Andwele. Jumapili. Yalikuwa matamu.

Kalista hasimamishwi. Amepewa onyo kwa ile rangi ya kijani, na alilipokea kwa magoti kama zawadi. Mimi nimepewa barua ya onyo, na kona ya utafiti inahamia kwa Mwalimu Bertilla kuanzia wiki ijayo. Nitabaki na vitabu vya karatasi. Mkuu alipokuwa anasaini alisema, nusu utani, "Ile kofia ilituponza."

Bertilla akajibu kabla yangu: "Usimlaumu mzee kwa hilo, Mkuu. Kura ni kura. Hakujichagua."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Nafasi ya Mbeya imekwenda shule nyingine, na utafiti wa jiko la vumbi la mbao. Nasikia ni mzuri.

Mwalimu Bertilla amempigia Mzee Valerian simu. Mzee anataka kuyaona matuta kabla hayajavunjwa, na amesema mwakani Kalista alete tena. Bertilla na Kalista wanakaa dirishani wanaandika upya. Nimechungulia. Nambari moja: Justina, mkulima, mazungumzo, shambani kwake, tarehe nane Februari. Kumbe kuna namna ya kumwandika mtu asiye na mchapishaji. Iko kwenye kabrasha, ukurasa wa kumi na sita.

Kalista huniamkia. Anasema shikamoo, anapita.

Ijumaa, 25 Aprili

Jua. Matope yameanza kukauka. Mtandao upo siku nzima, sasa kwa kuwa siyo wangu tena.

Jumatatu, 28 Aprili

Bwana Andwele, unakuja kesho kutwa kuchukua daftari hili. Kabla yako nimemwachia Mwalimu Bertilla alisome, liko mezani kwake, limefunguliwa ukurasa huu.

Nimejaribu wiki nzima kuandika jambo hili kwa mzaha, likakataa. Mwalimu Bertilla amenitetea mbele ya kamati kwa kitu asichokijua. Angekwenda yeye Mbeya, angekaa siku ya tatu mchana, na Kalista angesimama pale ukumbini na vyanzo sita vya kweli. Niliogopa maktaba ikipata mtu aliyesoma, mimi nitarudishwa kufyeka majani ya shule.

Nilisema nina bahati. Uongo. Mkuu alinipa mimi niandike majina ya kura kwa sababu nina mwandiko mzuri, na karatasi zote nne niliandika Polikarp.